Mkono Uliobaki

Mwandiko wangu ubaoni ulikuwa mbaya kiasi kwamba watoto wa darasa la kwanza waliucheka, nao hata kusoma walikuwa hawajajua. Mstari ulianzia juu ukamalizikia chini, karibu na sakafu. Mkaguzi wa kwanza kunitembelea alisimama nyuma ya darasa, akainamisha shingo upande, akautazama ubao, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na homa.

Sikuwa na homa. Nilikuwa mashoto niliyefundishwa kwa nguvu kuandika kwa mkono wa kulia, na mkono wenyewe haukuwahi kuipenda kazi uliyopewa. Hayo sikumwambia mkaguzi. Nilisema ndiyo, nina homa kidogo, naye akanishauri nimeze klorokwini.

Wazee wetu walitoka visiwa vya kaskazini wakashuka na pwani mpaka Malindi, na nyumba yetu ilikuwa katika mitaa ya zamani, vyumba viwili na ua. Baba alikuwa mchuuzi wa ng'onda, wale samaki wa kupasuliwa na kukaushwa, akiwapeleka kuuza Vitengeni siku za soko. Alikuwa mtu wa kwenda na kurudi, kwa hivyo malezi aliyaacha kwa mama. Mama alishona kofia za mkono, zile za vitundu vinavyozungushiwa uzi, na tangu asubuhi mpaka alasiri alikaa barazani na sindano. Wanunuzi walisema kofia yake unaweza kuipindua ndani nje usijue ipi ndani na ipi nje.

Nilipofika umri wa kukaa mkekani na kula na wakubwa, mkono wa kushoto ndio uliotangulia sahanini. Mama aliushika ungali na wali, akaurudisha. Kesho yake ukatangulia tena. Basi kila tulipokaa kula alichukua kipande cha leso iliyochakaa, akaufunga mkono huo nyuma ya kiuno changu, fundo la kukaza, kisha akanisogezea chakula. Nililia mpaka mchuzi ukaganda. Nikimwaga wali alinipiga kofi la mgongoni, si kubwa, akaniambia nianze tena. Hakuwa mkatili. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hana haraka. Mkono ule una kazi yake, alisema, na kazi yake si sahanini. Chuoni, nilikopelekwa kusoma Kurani, mwalimu alimalizia kwa fimbo ya henzirani.

Mama alijivuna. Akija mgeni niliitwa kuleta maji, nikayatoa kwa mkono wa kulia na kichwa nimekiinamisha kidogo, na mgeni akiondoka mama alimwambia baba, "Huyu nimemtengeneza mwenyewe." Neno hilo alilisema miaka mingi, hata baada ya mimi kuolewa. Kila nilipolisikia nilikasirika kimoyomoyo. Lakini nilinyamaza, kwa sababu mama hakuwa na vitu vingi vya kujivunia, na mimi sikutaka kumpunguzia.

Chuo cha ualimu ndicho kilichoniumbua. Tulifundishwa kuandika ubaoni kila jioni, herufi za duara, herufi za kusimama, na kila jioni mkufunzi alinifutia akaniambia nirudie. Wenzangu walidhani mimi mvivu. Nilipokuwa peke yangu nilijaribu mkono wa kushoto, nikakuta nao umeshasahau. Nilikuwa sina mkono wa kuandikia hata mmoja. Nilifaulu kwa sababu ya masomo mengine, nikapangiwa shule moja ya msingi karibu na Gede, darasa la kwanza, na kwa kuwa mume wangu alikuwa amekwenda Uarabuni kutafuta maisha, akinitumia kanda za sauti badala ya barua, sikuwa na la kunishughulisha isipokuwa ubao ule.

Ndipo nikagundua kwamba mtoto mwenye kitu mkononi hatazami ubao.

Nilianza na vifuniko vya chupa za soda. Nilivikusanya kwenye mabaa na mahoteli, mwanamke wa buibui anainama chini ya meza za watu, na waliosema walisema. Watoto walivihesabu, wakavipanga kwa rangi, wakavitoboa kwa msumari wakavitunga uzi. Njugu tulizijaribu nikazipiga marufuku, maana hesabu ya kutoa ilikuwa ikifanyika tumboni. Tulitengeneza mizani kwa vifuu viwili na fimbo, tukabishana wiki nzima ni kipi kizito, kokwa la embe au jiwe la matumbawe. Kila mtoto alikuwa na kifuniko cha boksi chenye mchanga wa pwani, na humo ndimo tulimoandika, kwa kidole, herufi moja kubwa ya kujaza boksi zima, ukitikisa imefutika na hakuna aliyekosea. Tulifinyanga udongo wa kichuguu. Wazazi Waislamu hawakutaka watoto wafinyange viumbe, wazazi wa Kigiriama nao hawakupenda vijisanamu vya watu vikauke juani, basi tukafinyanga vyungu, mahamri, ndizi, na gari la mkuu wa wilaya. Watoto wa watu wa bara, ambao baba zao walifanya kazi kwenye mahoteli ya Watamu, walifinyanga viazi. Hata pakiti za maziwa ya bure ya shule hazikutupwa, tuliziosha tukaotesha maharagwe ndani yake, ingawa darasa lilinuka mpaka mwalimu mkuu akalalamika.

Kisha ukaja mfumo mpya wa elimu, na ndani yake kazi za mikono. Ghafla niliyekuwa nacheza na takataka nikawa mwalimu wa mfano. Walimu wa shule nyingine waliletwa kunitazama. Mkaguzi yule yule alikuja tena, akakaa chini mchangani na watoto, na alipoondoka aliniambia mbinu zangu ni za kisasa. Nilimshukuru. Watu walidhani nina falsafa, kumbe nilikuwa nakimbia ubao.

Mashoto darasani hawakukosekana, kila mwaka mmoja au wawili. Niliwaacha washike penseli kwa mkono walioutaka. Mzazi akija kulalamika nilimwambia ni amri ya serikali. Haikuwa amri ya mtu yeyote, lakini miaka ile ukitaja serikali mtu alikuwa haulizi mara ya pili.

Basi nilikuwa hivyo, na baba alikuwa ameshafariki, siku mama alipopooza. Alikuwa barazani kwake na kofia magotini. Waliomwona walisema sindano ilianguka kwanza, akainama kuiokota, akaendelea kuinama. Hospitali ya Malindi walimlaza, wakamrudisha. Ulimi ulipotea ukarudi, miguu ilipotea ukarudi mmoja na nusu, ila mkono wa kulia haukurudi kabisa. Ulilala pajani pake umekunjwa, na alikuwa akiuhamisha kwa mkono wa kushoto, polepole, anauweka juu ya mto. Nilihama nilikokuwa nimepanga Gede nikarudi nyumbani kukaa naye. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee.

Chakula cha kwanza baada ya kurudi kutoka hospitali nilimwekea wali na mchuzi wa samaki, nikaleta maji, nikamnawisha mkono wa kushoto. Aliniacha nimnawishe. Kisha akaufuta kwenye leso, akauficha ndani ya leso hiyo hiyo, akaniambia, "Haya, nilishe."

"Mama, huu uliobaki ni mzima."

"Najua ni mzima."

"Basi kula."

Alinitazama kwa huruma, mimi niliyesoma. "Huu ndio ninaojisafishia chooni," akasema. "Zamani mmoja ulikuwa na kazi ile na mwingine kazi hii. Sasa umebaki mmoja. Wataka uende chooni, kisha uje sahanini?"

Nilimwambia kuna sabuni. Akasema nitie sabuni mpaka nimalize duka zima, yeye anaujua. Nikamletea kijiko. Akaniuliza kijiko kitashikwa na nani. Nikamleta shehe wa msikiti wa mtaani, mtu mpole, akakaa nje ya pazia akamweleza kwamba mgonjwa ana udhuru na dini ni nyepesi. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akamwombea dua, na shehe alipoondoka akaniambia, "Udhuru nimeupata. Njaa pia ninayo. Nilishe."

Basi nikawa namlisha alfajiri kabla ya kwenda Gede na jioni nikirudi. Katikati hapo hakula. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mke wa karani wa posta, mtu wa bara, alijitolea kuja mchana. Alikuwa mwanamke mwema aliyekwenda kanisani Jumapili na kufua siku nyingine zote. Mama alimkubalia ampeleke chooni, amletee maji, amgeuze ubavu, na akawa anamsahihisha salamu, maana jirani alikuwa akiingia na kusema, "Mama, niaje leo?" na mama anamwambia, "Sema shikamoo, mwanangu, halafu uniulize hali." Lakini kumlisha hakumkubalia. Kumfungulia kinywa mtoto wako wa kumzaa ni jambo moja, alisema, kumfungulia mke wa watu ni jingine.

Alikonda. Bangili zilimpanda mpaka karibu na kiwiko. Nilipomwinua alfajiri nilihisi mbavu zake mikononi, na darasani nilikuwa nikisimama katikati ya watoto na vifuniko vyao nikiwaza saa ile ana njaa kiasi gani. Daktari aliniambia waziwazi, dawa ninazompa hazifanyi kazi juu ya tumbo tupu, na kama hali chakula cha mchana hatafika mbali. Niliomba ruhusa shuleni ya kurudi mapema, nikapewa siku chache, zikaisha. Mume wangu alituma kanda akasema niache kazi. Ningeacha kazi tungekula nini, sauti yake?

Kilichobaki ni kile nilichokijua. Nilileta nyumbani kikapu cha darasa la kwanza.

Jioni baada ya sala nilimmwagia vifuniko kwenye sinia, nikamwambia avitenge kwa rangi. Aliuliza kama nimerukwa na akili. Lakini alikuwa mtu wa mikono, na mkono wa mtu wa mikono hauwezi kukaa mbele ya kitu bila kukigusa. Alianza kwa kuvisukuma, kisha akavichota, kisha akaokota kimoja kimoja kwa vidole viwili. Baada ya siku kadhaa nilimpa uzi atunge. Uzi nao ulimtoa jasho, akaubana ule mkono uliokufa chini ya paja ushike ncha, akatunga. "Mwalimu," aliniambia, "darasa la pili nitaingia lini?" Nilicheka, na yeye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Zilikuwa jioni nzuri zile. Nilikuwa sijawahi kukaa na mama yangu tukicheza.

Kisha nikaleta udongo. Nilimwonyesha kufinyanga kitu cha duara kidogo, unakibana kwa vidole vitatu, unakigeuza kwa dole gumba.

"Unadhani sioni?" akasema. "Hili ni tonge."

"Ni udongo, mama."

"Ni tonge. Nikishajua kulifinya utaniletea wali."

Ndivyo nilivyokusudia. Hata hivyo alifinyanga. Jioni ile udongo ulikuwa mkavu, na vidole vyake vilikuwa vimechoka, tonge likapasuka, la pili likapasuka, la tatu likamponyoka likabingirika mpaka mlangoni. Aliutazama mkono wake. Nikaona ana machozi ya hasira, yale ya mtu anayejua kabisa jinsi kitu kinavyofanywa na mkono unamgomea.

"Ndivyo ilivyokuwa?" aliniuliza.

Nilimwelewa papo hapo. Hatukuwa tumewahi kulizungumza. "Ndivyo," nikasema.

"Ulikuwa na umri gani?"

"Sikumbuki vizuri. Mdogo."

"Na mimi nikikupiga mgongoni."

"Hayo yamepita, mama," nikamwambia, nikainuka kuliokota tonge la udongo mlangoni. Nilitaka kumpunguzia uchungu. Leo naona kwamba huenda alikuwa na la kusema zaidi, na mimi kwa haraka yangu ya kumfariji nilimfungia mlango. Niliporudi kukaa alikuwa ameshafunga kinywa. Ningenyamaza kidogo tu, ningelisikia.

Wiki iliyofuata aliniambia kabla sijaondoka alfajiri nimwachie chakula cha mchana juu ya kigoda, nikifunike kwa kawa. Jirani akipata nafasi atamlisha, alisema, ameshamzoea. Nilifurahi nikajiona nimetua mzigo. Jioni niliporudi sahani ilikuwa tupu na kawa limerudishwa juu yake sawasawa. Kesho yake vilevile. Mwezi haukwisha bangili zikaanza kushuka. Mashavu yakarudi, sauti ikarudi, akaanza tena kunisimanga kwamba mchuzi wangu hauna ndimu ya kutosha. Nilipeleka sahani ya mahamri kwa jirani kumshukuru. Aliipokea akatazama pembeni. "Lakini mimi sijafanya kitu, mwalimu," akasema. Nilidhani ni adabu.

Hapo ndipo ningetaka maisha yetu yasimame. Mama alikuwa anakula, mimi nilikuwa nafundisha, na kila jioni tulikuwa na kikapu chetu.

Siku ya kufunga shule tulitoa ripoti, tukawaaga watoto, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshafika Malindi. Nilipitia nyuma, mlango wa uani, kwa sababu nilikuwa na samaki mkononi na nilitaka kumweka jikoni kwanza. Chumba cha mama kinatazama uani. Dirisha lake lilikuwa wazi na pazia limefungwa fundo kupisha upepo, na mimi nikapita nikatazama ndani bila kukusudia.

Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, mkono uliokufa juu ya mto wake. Mbele yake kigoda na sahani. Pembeni beseni, kipande cha sabuni, na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Mama alikuwa anakula, peke yake, kwa mkono wa kushoto. Alichota wali na kipande cha samaki, akabana kwa vidole vitatu, akageuza kwa dole gumba, akapeleka kinywani, na haikuanguka hata punje. Alitafuna bila haraka. Akachota tena. Alikuwa na uso wa mtu aliye nyumbani kwake, ambaye hakuna anayemdai chochote.

Sijui nilisimama muda gani. Si mrefu kama nilivyopaswa. Nilifurahi, na mimi nikifurahi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Shuleni kwetu mtoto akifanya jambo kwa mara ya kwanza hupigiwa makofi ya kilo, matatu, tena matatu, na moja kubwa la kumalizia. Mikono yangu ilikuwa imefanya hivyo kila siku kwa miaka. Nilijikuta nimeangusha samaki, nimesukuma mlango, niko mbele ya mama yangu mzazi napiga makofi, matatu, tena matatu, na moja kubwa, huku nikisema, "Umeweza, mama. Umeweza."

Tonge lilikuwa karibu na mdomo. Lilianguka. Mkono uliingia chini ya leso kwa haraka ambayo sikudhani mama anayo tena, ukaivuta leso mpaka kidevuni, na akanitazama kama kwamba nimemkuta bafuni. Wali ulikuwa umetapakaa mkekani. Nikashusha mikono yangu.

"Umerudi mapema," akasema.

Nilianza kueleza, kwamba shule zimefungwa, kwamba nimefurahi, kwamba hakuna ubaya, kwamba shehe mwenyewe alisema. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza shehe. Nilipomaliza aliniambia niondoe sahani, ameshiba. Ilikuwa bado nusu.

Nilikwenda kwa jirani nikalia barazani kwake. Alinipa maji, akakaa kando yangu na nguo mbichi magotini. "Kila siku mchana ananiambia, mwanangu, niletee maji na sabuni, halafu funga mlango uende," akasema. "Mimi nafunga, naenda. Sijawahi kumuuliza." Hakunilaumu. Alikuwa anaeleza tu jinsi alivyofanya, na kila neno lilinichoma.

Maana na mimi nilijua. Darasani akiwepo mtoto mwenye haya, yule ambaye muhula mzima hakufungua kinywa, siku akianza kuhesabu kwa sauti ndogo kwenye kona yake mimi sikumgeukia kamwe. Nilichukua wembe nikaanza kuchonga penseli, nikatazama nje dirishani, nikamwacha ahesabu mpaka achoke. Nilijua kwamba kuna vitu mtu anaweza kuvifanya ilimradi asitazamwe. Kwa watoto wa watu nilikuwa na subira hiyo kila siku ya Mungu. Kwa mama yangu niliikosa mara moja, na hiyo mara moja ilitosha.

Nilijaribu kila njia kuirudisha ile hali. Likizo nzima nilikuwa nikimwekea chakula, namwambia natoka, nafunga mlango, nakwenda mpaka sokoni nikizunguka bila cha kununua. Nikirudi kawa lilikuwa kama nilivyoliacha. Nilimwambia siku moja kwamba siku ile sikuona chochote, jua lilinipiga machoni. "Umeona," alinijibu, bila ukali. Nilikuja kufahamu kwamba mlango hauwezi kufungwa tena baada ya mtu kuingia. Kila akikaa na sahani yake sasa, hata kama niko Gede, mimi nilikuwemo chumbani napiga makofi. Kikapu cha vifuniko nacho hakukigusa tena. Alisema macho yanamuuma.

Shule zilipofunguliwa alirudi kula alfajiri na jioni tu. Mwishowe alimruhusu jirani amlishe mchana, vijiko vichache vya uji, lakini uji haukumrudishia mwili. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Daktari alitaja moyo na alitaja shinikizo la damu. Sibishani na daktari, wala siwezi kusema angeishi miaka mingi kama nisingeingia. Ninalolijua ni kwamba kwa muda wa miezi michache mama yangu alikuwa amejishinda mwenyewe, kwa siri, kwa heshima yake, na hakumwomba mtu yeyote amsifu.

Mara nyingi nairudia jioni ya siku ile ya kufunga shule. Nilikuwa nimemkaanga samaki yule, nikamwosha mchanga vizuri kwanza. Nilileta sinia, nikakaa mbele ya mama, nikamsogezea sahani upande wa kushoto, nikageuza uso wangu kutazama ukutani ili asinione namtazama. Nilingoja. Nje watu walikuwa wakipita kutoka msikitini, wakisalimiana. Mkono wake haukutoka ndani ya leso.

"Geuka, mwanangu," akasema. "Nilishe."

Nikageuka. Nikanawa, nikachota wali, nikatoa miba kwenye samaki, nikafinya tonge dogo kama alivyopenda, nikalipeleka. Tangu aanze kuugua nilikuwa nimemlisha mara zisizo na hesabu, na siku zote alinitazama usoni nikimlisha, wakati mwingine akinitania. Jioni ile alifumba macho kwanza, ndipo akafungua kinywa, na ikawa hivyo mpaka siku tuliyomzika.